Heshima ya Zamu ya Mwisho

Karani wa masjala alikuwa na maisha mawili. Mpaka saa tisa alasiri alipanga mafaili katika chumba chenye dirisha moja, na ole wake aliyerudisha faili mahali pasipo pake. Saa kumi alikuwa uwanjani, filimbi shingoni, akiwanoa wasichana wa mbio za kupokezana kijiti. Huko aliitwa Kocha, na kwa miaka kumi na minane kanuni yake ilikuwa ile ile: mwenye kasi kuliko wote hukimbia zamu ya mwisho. Ndiyo heshima yenyewe. Hakuna aliyewahi kuikataa, na kusema kweli hakuna aliyewahi kuulizwa.

Mwaka huo mwenye kasi alikuwa msichana waliyembandika jina la Mshale. Mazoezini hashikiki. Siku ya mashindano anageuka mtu mwingine, anapokea kijiti miguu mizito, anapitwa na watu ambao siku nyingine wangeishia kumwona kisogo. Timu ilishindwa hivyo mara mbili. Ulibaki mchujo wa mwisho, na Kocha alikwisha kuandika orodha mpya. Jina la Mshale halimo.

Akamwita stoo ampe habari. Mshale akakaa juu ya magodoro ya kurukia, mikono mapajani.

"Mdogo wangu, nimekubembeleza, nimekufokea, wapi! Moyo wa mashindano huna."

"Ninao, Kocha. Unaishia kwenye kusubiri."

"Unaishaje?"

"Wenzangu watatu wanazunguka, mimi nimesimama tu naangalia. Naenda kutapika nyuma ya choo. Kijiti kikinifikia, mimi nimeshachoka zamani."

Kocha akapandwa na hasira, tena si ndogo. "Zamu hiyo kila mtu hapa anaililia!"

"Basi apewe anayeililia. Mpe Redio. Mimi nianze."

Redio ni yule msichana wa timu hiyo hiyo asiyefunga mdomo. Kocha alitaka kucheka, akashindwa. Yale maneno ya kusubiri yalimkaa kichwani na hakutaka kujua kwa nini. Alikaa na ile orodha siku mbili, kisha akaichana.

Siku ya mchujo Mshale alianza. Mlio wa kuanzia uliposikika alikwenda kama aliyefunguliwa kamba, akakabidhi kijiti akiwa amewaacha wengine hatua kumi na tano. Redio naye, akisubiri, alipiga soga na wapinzani wake wote, akamwambia hata mwamuzi kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka. Alipopokea kijiti alikuwa mkunjufu kama yuko harusini. Walimaliza wa pili. Wamefuzu.

Mshale alimtafuta Kocha washangilie pamoja. Alimkuta nyuma ya jukwaa, ameinama, mkono mmoja ukutani, anatapika.

"Kocha! Na wewe?"

"Nilikimbia zamu ya mwisho miaka sita," alisema Kocha, akijifuta mdomo kwa kiganja. "Kila mara hivi hivi. Nikadhani ndivyo heshima ilivyo."

"Kocha wako hakukuuliza?"

"Hakuuliza." Alinyooka taratibu, macho yamemlowa, na hakuyaficha. "Nikaacha mbio nina miaka ishirini na miwili. Na nilikuwa na kasi kukuzidi."