Siku Niliyojiteua Fundi wa Simu

Nianze kwa kukiri: hapa Yoba, mtaani kwetu Gitega, watu wananijua kama mzee wa dua na subira, na siku ile nilimaliza sifa zote mbili kabla chai haijapoa.

Posa ya mjukuu wangu Hadija ilikuwa imeletwa kutoka Muyinga, na jibu nilipaswa kulitoa Ijumaa baada ya swala. Mwenye akili angetumia simu ya mkononi, lakini mimi, alhamdulillah kwa hekima niliyojaliwa, niliona jibu la heshima lipite kwenye simu ya nyumbani, ile ya waya (ambayo kwa miezi ilikuwa inalia kama sambusa kwenye mafuta).

Nikapiga. Mzee Rajabu, baba wa kijana, akapaza sauti: "Alo! Mzee, mi sisikie kitu, iko kelele mingi!"

"Ngoja, usikate!" nikamjibu, na badala ya kumwita fundi nikajiteua mwenyewe. Nikauweka mkonga wa simu mezani sebuleni, nikaenda chumbani iliko simu ya pili ya laini ileile, nikachomoa waya wake ulioota kutu. Kwa elimu yangu kubwa nikaamua kwamba sasa nyumba nzima haina laini, nikarudi sebuleni, nikakaa, nikashusha pumzi mbele ya mke wangu Zaina.

"Afadhali imekatika," nikasema. "Yule mzee anavyojisifia duka lake, utadhani Muyinga walikuwa hawajawahi kuona chumvi. Na kijana wake! Mara tatu amekuja hapa, mara tatu amekula, neno hajasema. Hadija anaolewa na kabati?"

"We mzee," Zaina akanong'ona, "muogope Mungu."

Ndipo mkonga ukajibu, safi kama adhana ya alfajiri: "Sasa iko muzuri, mzee. Tunakusikia wote. Na kabati naye iko hapa."

Wote! Wazee wa ukoo mzima, wamekaa wamezunguka spika, wakisubiri jibu; kumbe waya niliochomoa ndio uliokuwa unaleta kelele, laini yenyewe haikukatika. Nyuma ya pazia Hadija akaanza kulia, na kilio hicho nilikisikia bila mkwaruzo wowote.

Nikaomba radhi kwa kila mzee. Kisha sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia: "Babu, mi nilinyamaza kwa heshima. Sasa unanipa Hadija, ama hapana?"

"Nakupa," nikasema, bila hata moja ya masharti niliyoyaandaa wiki nzima.

Namshukuru Mola, ndoa imefungwa. Nami nimeapa kutosengenya tena. Na kwa kuwa najijua, nimeapa vilevile kwamba simu ikianza kelele, nitaita fundi, kisha niende msikitini nikae humo mpaka amalize.