Upepo wa Tairi la Mbele

Sisi tuliokulia Litapunga, kule Mpanda, miaka ile ya tisini tunajua kwamba baiskeli haikuwa kitu cha mtoto. Ilikuwa mali ya nyumba, kama ng'ombe wa maziwa. Ya kwetu ilikuwa nyeusi, nzito, ina keria pana ya nondo, na Baba aliiegemeza ndani, karibu na magunia ya mahindi, akaifunika kwa kitenge chakavu cha Mayu, yaani mama yetu. Aliyeigusa bila kutumwa alijua kitakachompata. Na bado tuliigusa. Nani wa rika langu hakujifunza kuendesha akiwa amepenyeza mguu katikati ya fremu, kiuno kimepinda, kalio halijawahi kuionja siti? Tulianguka vumbini, tukajipaka mate magotini, tukarudi nyumbani na sura za watu waliotoka kuchota maji. Watoto wa leo wananunuliwa baiskeli yenye vigurudumu vya kuizuia isianguke, na bado wanalia wakiachiwa.

Lakini nikiikumbuka baiskeli ile, kinachotangulia si kicheko. Ni hofu, na hofu yenyewe ina mahali pake. Kati ya kwetu na zahanati, ambako pia ndiko ilikokuwa mashine ya kusaga, kulikuwa na mteremko mrefu wa udongo mwekundu, na chini yake kabisa, kabla ya daraja la magogo, njia ilikata kushoto ghafla. Tulipaita Kona ya Mfupa, maana karibu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyevunjika pale. Juu ya ule udongo mgumu zilitapakaa changarawe za duara, ndogo kama choroko, na upande wa kulia kulikuwa na korongo lenye mawe. Raba za breki zetu zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo ukishaanza kuteremka na mzigo hukuwa na namna ya kusimama. Nikiambiwa Jumamosi nitakwenda kusaga, kuanzia Jumatano chakula kilikuwa hakipiti.

Baba alihamia huku na ng'ombe wake kutoka Usukumani, na mambo ya mzigo hakutaka kufundishwa na mtu. Kwake tairi lilipaswa kujazwa mpaka liwe gumu kama jiwe. Pampu ilikuwa moja kwa kaya kama kumi, inazunguka nyumba kwa nyumba kama mgeni, na siku ikifika kwetu tulipokezana kupiga mpaka mikono ikafa ganzi. Akishamaliza anasema, "Upepo wangu asiguse mtu." Tairi jipya, lenye meno, alilifunga nyuma. La mbele lilikuwa kipara hadi linang'aa. "Mzigo unakaa nyuma, tairi zuri likae nyuma," alisema, na hakuna jirani aliyembishia, maana wote walifunga hivyo hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipoanguka pale na debe la mahindi. Sikukosea kitu. Nililala na kona kama siku zote, tairi la mbele likapanda juu ya changarawe na kwenda lilikotaka lenyewe, nikajikuta nimelalia ubavu, nywele zangu zimening'inia kwenye ukingo wa korongo. Mahindi niliokota punje kwa punje, huku nalia.

Pale mashine ya kusaga kulikuwa na fundi baiskeli, Mzee Gaspari, mtu wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, mpole, anayeongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kirundi. Aliliona goti langu, lakini hakuniuliza habari za goti. Alichuchumaa, akalibonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba.

"Binti, hili limejazwa sana," akasema. "Gumu hivi haliwezi kukamata changarawe, linapita juu yake tu. Punguza. Ukibonyeza, kidole kiingie kidogo, kama kwenye ndizi inayoanza kuiva. Lakini usizidishe. Likilegea sana, rimu itapiga jiwe, tyubu itakatika, utabaki njiani. La nyuma liache gumu, ndilo linalobeba. La mbele ndilo linaloshika njia. Na mwambie baba hili jipya alilete mbele."

Nikamwambia Baba. Makosa makubwa! Aliniuliza kama fundi ndiye atakayekuja kunilisha, kisha akaniuliza nilipoanguka nilikuwa nawaza nini. Jioni ile ile akaiazima pampu, akaongeza upepo.

Kiangazi kile Baba aliondoka na ng'ombe kutafuta malisho. Siku ya tatu tu, mdogo wangu Masanja, aliyekuwa na miaka minne, akaamka na homa. Mayu akamkanda kwa maji, akamkanda tena. Jua lilipopanda, mtoto akaanza kukakamaa mikono, macho yakageuka meupe. Mayu hakuwahi kuendesha baiskeli maishani mwake. Akamfunga Masanja kifuani kwa kanga, akakaa upande kwenye keria, akanishika kiuno.

"Twende, Kabula," akasema. "Twende mwanangu."

Ile njia ya tambarare sikumbuki niliipitaje. Nakumbuka nilipofika juu ya mteremko. Nilisimamisha baiskeli kwa miguu. Kule chini niliiona kona, nyekundu, na changarawe zinang'aa juani. Kuteremka kwa miguu tungeweza, lakini ulikuwa mwendo mrefu, na kila mara Masanja akikakamaa nilisikia meno yake yakisagana nyuma ya mgongo wangu. Na nikishuka na watu wawili kwenye tairi lile kipara, gumu vile, nilijua tutakwenda korongoni wote watatu.

"Mbona umesimama?" Mayu akauliza.

Nilipiga magoti mbele ya gurudumu. Nililibonyeza tairi kwa kidole gumba, hakikuingia hata kidogo. Nikashika nati ya valvu. Hapo ndipo nilipojua hofu ni nini. Nilimwogopa Baba ambaye hakuwepo. Nikaogopa zaidi kwamba upepo ukishatoka haurudi. Pampu ilikuwa kwa jirani, nyuma kabisa, ng'ambo ya mashamba ya tumbaku. Nikipunguza kidogo mno, tunateleza. Nikipunguza sana, tyubu inakatika kwenye mawe, na Masanja anakufa njiani mikononi mwa mama yake, na aliyemuua ni mimi.

Nikalegeza. Ssss. Nikakaza, nikabonyeza. Bado. Nikalegeza tena, Ssss, na Mayu akasema kwa sauti ndogo, "Kabula, unafanya nini, baba yako..." kisha akamkaza Masanja kifuani. Nikabonyeza. Kidole kikaingia kidogo.

Nikapanda, tukashuka. Upepo ulinijaza machozi machoni. Breki nilizivuta mpaka vidole vikauma, na kasi ikazidi tu kuongezeka. Kona ilipofika nililala nayo, nikahisi tairi la mbele likianza kuondoka, lile lile tendo ninalolijua. Halafu likashika. Changarawe zilisagika chini yake, ila likashika. Nililiona korongo likipita kuliani, karibu sana, na magogo ya daraja yakaanza kutugonga chini. Mayu alikuwa amenifinya kiuno kwa nguvu, alama zake nilikaa nazo wiki nzima.

Zahanati walimpokea, wakamchoma sindano, na kabla ya saa kumi Masanja aliomba uji. Mimi nilikuwa nimekaa nje, nimejikojolea na sijui ni wakati gani.

Baba aliporudi, kitu cha kwanza alichofanya ni kuifunua baiskeli na kubonyeza matairi, kama kawaida yake. Nilikuwa mlangoni.

"Nani kagusa upepo wangu?"

"Mimi, Baba."

Mayu akatoka jikoni, akamweleza yote, tangu degedege mpaka kona, hakuficha. Baba alisikiliza huku ameshika siti. Hakunipiga wala hakunisifu, si unajua baba zetu. Alitoka nje. Asubuhi tulimkuta ameipindua baiskeli, magurudumu juu, ameshayafungua matairi yote mawili. Lile jipya alilifunga mbele. Tangu siku ile kila alipotaka kusafiri aliita, "We Kabula, njoo ubonyeze," na mimi nikaenda kubonyeza, mpaka nilipoolewa.

Siku hizi kona ile imelainishwa, wamejenga kalavati, na ukiwaambia vijana panaitwa Kona ya Mfupa wanadhani unawatisha. Hawatembei tena na pampu; upepo unajazwa kwa mashine, dakika moja. Nikienda kwetu siku hizi huwa napokelewa stendi ya Mpanda na Masanja mwenyewe, mwanaume wa ndevu, mwendesha bodaboda. Ile siku haikumbuki hata kidogo. Pikipiki ameipamba kwa stika na taa za rangi, muziki unalia, na tairi la mbele ni kipara.

"Panda, dada," anasema. "Nyie watu wa zamani mnaogopa sana. Sasa hivi ni mwendo tu."

Mwaka huu sikupanda. Niliweka mkoba chini, nikapiga magoti pale stendi mbele za watu, nikalibonyeza tairi kwa kidole gumba. Gumu kama jiwe. Wenzake wakacheka, naye akacheka nao. Mimi nikaifungua valvu, na uliposikika ule mlio wa Ssss, nikawa tena yule binti wa miaka kumi na mitatu juu ya mteremko, maana mtoto aliyekuwa nyuma ya mgongo wangu ni yule yule, Masanja.