Kiplagat na Betri ya Palsa

Mwalimu Mkuu Kiplagat hakuwahi kusimama peke yake maishani. Ukuu wa shule yetu ya wasichana hapa Lodwar aliupata kwa kumbebea ofisa wa elimu mkoba. Ofisa alipostaafu, akahamia kwa diwani, kisha kwa yeyote mwenye gari la maana. Sisi walimu tulimjua kwa mgongo, maana uso wake ulikuwa wa wakubwa.

Mwaka 2013, wiki chache kabla ya uchaguzi, mashindano ya sayansi ya shule za Turkana yalifanyika kwetu. Mwanafunzi wangu wa fizikia, Nyabol, alikuwa ametengeneza mfano wa palsa, nyota ndogo ajabu inayojizungusha kwa kasi na kurusha mwali, huku ikiizunguka nyota nyingine kubwa mno. Nyota kubwa ilikuwa jerikeni lililopakwa rangi ya buluu. Palsa ilikuwa kopo la mafuta ya kupikia lenye tochi na mota ya redio mbovu. Ukiiwasha, mwanga unapiga ukutani, pa, pa, pa, kisha unapotea kopo likipita nyuma ya jerikeni. Hata wapishi walikuja kutazama.

Mshindi angekwenda Nairobi. Nyabol alikulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na bila kibali hawezi kusafiri popote. Safari hiyo aliitaka kuliko kitu chochote.

Siku yenyewe stima ikapotea, kama kawaida yake. Tulikuwa na betri moja tu ya gari, nami nilikuwa nimeiunga kwenye palsa. Kiplagat akaja mbio.

"Madam Nekesa, hiyo betri iende kwa spika! Mheshimiwa amepiga simu. Yuko Kalemng'orok, anafika saa hii."

"Mwalimu, Kalemng'orok ni mbali. Waamuzi wako chumba cha pili kutoka hapa, wakitoka huko wanakuja kwetu."

"Kwa hivyo unataka mgeni wetu akaribishwe na kimya?"

Akaichomoa mwenyewe. Ujinga gani huu! Kutoka Kalemng'orok kwa barabara ile ya mashimo ni karibu nusu siku, na kila mtoto wa hapa anajua. Spika zikaanza kumwimbia mtu ambaye hayupo. Waamuzi wakafika, wakatazama kopo lisilozunguka, wakaandika sifuri. Niliwasihi, wakasema kanuni ni kanuni. Nilitamani kumvika Kiplagat lile jerikeni kichwani.

Mheshimiwa, mgombea mwenye tumbo na walinzi, aliingia jioni, betri imeisha na spika zimenyamaza. Kiplagat akamwongoza hadi kwenye meza ya Nyabol, akitembea kinyumenyume ili asimpe kisogo.

"Ejok, msichana," akamsalimu kwa Kiturkana. "Hii kubwa ni nini?"

"Ni nyota, mheshimiwa. Nyota kubwa sana."

"Na hii ndogo?"

"Hiyo ilikufa zamani. Imebaki kuizunguka kubwa tu, na kujimulika."

Mheshimiwa akacheka, akapiga makofi. Kiplagat akapiga kwa nguvu kuliko wote. Nyabol akalibeba jerikeni lake, akalipeleka jikoni likatiwe maji.