Chupa ya Baba Kwenye Somo la Nguvu

Siku hizi watoto wanaiita nishati. Sisi, wakati wa Mwingereza, katika shule ya misheni karibu na Njombe, tuliambiwa ni nguvu tu. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyetoka Makambako, na kila kitu alikieleza kwa malori aliyoyaona kwao.

"Lori linakula petroli, moto unakula kuni, ninyi mnakula ugali. Kila chenye kutenda kazi kimeshiba kitu. Kesho kila mmoja alete kitu chenye nguvu iliyojificha."

Wenzangu walileta kuni, maharage, mafuta ya taa kwenye kikopo. Mmoja alileta jogoo. Mimi nilitaka kuwashinda wote, na nilijua pa kupata. Chini ya kitanda cha baba kulikuwa na chupa ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, na usiku niliwahi kuisikia ikichemka yenyewe bila moto. Nikaibeba, nikaishindilia gunzi mdomoni isimwagike njiani.

Asubuhi hiyo ilikuwa na baridi na ukungu. Mwalimu alikuwa amewasha jiko la makaa ili atuonyeshe mvuke, nami nikaiweka chupa yangu kando ya jiko ipate joto kidogo.

Alikuwa ameinama akikoleza moto. Gunzi likafyatuka, likampitia sikioni, likakwama kwenye nyasi za paa. Povu likamwogesha koti lote. Jogoo akapaa dirishani, na hatukumwona tena siku hiyo. Harufu ikajaa darasani, harufu ambayo hakuna mtoto wa Njombe asiyeijua.

Mwalimu alijifuta uso polepole. "Umeitoa wapi?"

"Chini ya kitanda cha baba."

Darasa zima likaguna. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili iliyopita tu alikuwa amesimama mbele akiwakemea walevi mpaka sauti ikamkauka.

Mchana mchungaji akamwita baba. Alikuja na koti lake la ibada, mama nyuma yake, nami nikasimamishwa katikati kama shahidi.

"Mzee, chupa hii ni yako?" mchungaji akauliza.

"Ni dawa ya kifua, Mchungaji."

"Nani anaumwa kifua?"

Baba akakohoa. Kikohozi kizuri kabisa, ila kilichelewa.

Mchungaji akamgeukia mama. "Mama, ni kweli anakohoa?"

Mama aliangalia chini. "Anakohoa sana, Mchungaji. Hasa msimu wa ulanzi."

Mchungaji alifunika mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika. Hata hivyo adhabu ilitoka: baba asikalie benchi la wazee mpaka mvua ziishe. Akawa anakaa nyuma kabisa, mlangoni, upepo ukimpiga, na sasa alikohoa kweli.

Mimi nilingoja fimbo. Haikuja, na hilo lilinitisha zaidi. Siku tatu baba hakunisemesha neno. Siku ya nne tukiwa tunakula, aliuliza bila kuniangalia:

"Huyo mwalimu wenu alikupa alama ngapi?"

"Kumi kwa kumi, baba. Alisema nguvu ya wengine wote ilibidi aieleze, yangu ilijieleza yenyewe."

Akamega tonge jingine. Mama alikuwa ameuma kanga yake asicheke.

"Na yule wa jogoo?"

"Nne."

"Haya," akasema baba, akanisogezea bakuli la mboga.