Punje Saba Kwenye Pichi

Mpira ulidunda mahali palipoonekana laini kama meza, ukaruka na kumpiga Ronnie usoni. Mwanzoni watu wote uwanjani walisema ni bahati mbaya.

Mimi ndiye niliyeurusha. Na mimi peke yangu nilijua pale chini kuna nini.

Naitwa Kigen. Siku za kazi nauza mbegu na dawa za mifugo kwenye duka moja pale Moiben. Wikendi nacheza kriketi Eldoret. Ndiyo, kriketi. Najua ukisema unatoka Uasin Gishu watu wanakuuliza unakimbia mbio za kilomita ngapi. Mbio zangu mimi ni hatua kumi na nane tu, halafu naachilia mpira.

Mimi ni mrushaji, bowler kama vijana wanavyosema. Wa kasi.

Kwa asiyejua mchezo huu, ni hivi. Mrushaji anatupa mpira, na mpira ule ni mgumu kama jiwe. Unadunda kwenye pichi, ule ukanda wa udongo ulioshindiliwa katikati ya uwanja. Upande wa pili mpigaji anausubiri na bat yake, gongo bapa la mbao. Akiuvusha kamba ya mpakani bila kugusa chini, anapata alama sita.

Zamani hiyo ilikuwa vita ya watu wawili wanaotoshana nguvu. Siku hizi kila kitu kimepangwa kumpendelea mpigaji. Bat zimenenepa, mpira ukigusa ukingo tu unavuka. Kamba imesogezwa ndani ili sita ziwe nyingi. Pichi inashindiliwa na rola mpaka inakuwa kama sakafu ya benki, mpira haupandi, haukati kona, unamfuata mpigaji kwa adabu zote.

Mrushaji akikosea hata kidogo, refa ananyoosha mikono na wale wengine wanapewa alama ya bure.

Klabu yetu ina vikosi viwili. Kuna Hamsini, mchezo mrefu wa kutwa nzima, ambapo mrushaji ana muda wa kumchosha mtu. Halafu kuna Ishirini, mchezo mfupi wa haraka, ambao kazi yake ni kupiga tu. Hamsini hucheza mara mbili kwa mwaka, na watazamaji ni sisi wenyewe na ng'ombe wa jirani.

Ishirini ndiyo inasafiri. Mwaka huu ilikuwa inaenda Kampala.

Nina miaka thelathini na moja. Goti langu la kushoto limeanza kulalamika nikishuka ngazi. Nilijua nikiikosa Kampala sitapata safari nyingine maishani, na hilo lilikuwa linanikosesha usingizi tangu Septemba.

Kocha wetu ni Mzee Kimutai, mwalimu mstaafu na mkulima, mtu wa maneno machache. Benki anaiita penki. Vijana hucheka, halafu wanarudi nyumbani na kuiita penki vilevile. Sisi watu wa huku, b na p ni mtu na ndugu yake.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na moja, baada ya mazoezi, aliniita kando karibu na pikapu yake.

"Kigen, kwa hii Ishirini wewe utabaki. Nimefikiria sana. Usiambie mtu mpaka nisome majina Jumatatu."

Akaingia kwenye gari, akaenda zake.

Nilisema tu, "Sawa, Mzee." Sikumuuliza kwa nini. Nimuulize ili anionee huruma? Mimi na kiburi changu tulisimama pale tukiangalia vumbi la pikapu.

Ronnie ndiye aliyenikuta hapo. Ana miaka ishirini na miwili, mpigaji wetu wa kwanza, na kusema kweli ni kijana mzuri. Nikikosa gari la kutoka Moiben, yeye ndiye hunifuata na pikipiki yake. Lakini siku hiyo alikuwa na bat mpya, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Buda, kesho kwa mechi ya mazoezi unirushie zile zako za kawaida," akaniambia. "Nataka Mzee aone six kama kumi hivi. Hakuna msee anakuja kuona bowler akikimbia."

Alikuwa anatania. Siku nyingine ningemrushia chupa ya maji na tungecheka wote. Siku hiyo nilicheka kwa meno tu.

Nilibaki nyuma wenzangu wakiondoka. Mzee Waweru, mtunza uwanja wetu anayetoka Cheptiret, alikuwa anairudisha rola kwenye kibanda. Nilisimama juu ya pichi na kuitazama. Nikafikiria, kama udongo huu ungeamka siku moja tu, Mzee Kimutai angeona mrushaji ni nani.

Nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja. Koti langu la dukani halikosi punje za mbegu mfukoni, kwa sababu wakulima hupenda kuzishika kabla ya kuamua.

Nikachuchumaa kama mtu anayefunga kamba za viatu.

Mahali mpira wangu hudunda napajua nikiwa nimefumba macho. Palikuwa na nyufa nyembamba. Nilisukuma punje ya kwanza kwa kidole gumba, halafu ya pili, mpaka saba. Nikazifunika kwa udongo uliolowa kwa maji ya chupa yangu, nikalainisha kwa kiganja. Ukipita hapo huoni kitu.

Mzee Waweru alitoka kibandani akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, nimekipata.

Jumamosi kulikuwa na jua zuri. Ronnie aliingia kupiga akiwa na kofia ya kawaida ya kitambaa. Kwenye mazoezi hakuna aliyevaa kofia ngumu. Ya nini? Kwa ile pichi ya kuwabembeleza wapigaji, mpira haukuwahi kupita kiuno.

Mipira mitatu ya mwanzo ilidunda kandokando ya pale, na Ronnie aliutuma mmoja nje ya kamba. Wa nne uliangukia penyewe.

Uliruka kama panzi, ukapita karibu na sikio lake ukivuma.

Ronnie aliruka nyuma, akanitazama, akacheka. Akaniuliza nimekula nini leo. Mzee Kimutai, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, alisimama.

Nilifurahi. Sitawadanganya. Nilirudi kwenye alama yangu nikihisi kifua kimejaa, na nikasikia sauti ndani yangu ikisema, mara moja inatosha, wameona. Niliisikia vizuri kabisa.

Nikakimbia hatua zangu kumi na nane, nikarusha palepale.

Sauti ya mpira kwenye mfupa siwezi kuieleza. Bat ilianguka kwanza, kisha yeye. Alikuwa ameshika jicho la kushoto na damu ilikuwa inapita katikati ya vidole.

Walimpeleka hospitali kwa pikapu ya kocha, mwenyewe akatoa funguo. Kocha alibaki. Alitembea polepole hadi kwenye pichi, akapiga magoti, akachokora udongo kwa kalamu. Akatoa punje moja ya mahindi, chafu, imejaa udongo.

Mtu akasema kwa sauti, "Mahindi."

Wote tukageuka kumtazama Mzee Waweru.

Mnaelewa ni kwa nini. Novemba huku kwetu ni mavuno, na mahindi yanaanikwa popote palipo tambarare: kando ya lami, uwanja wa kanisa, hata juu ya paa la choo. Kila mwaka kina mama huja kumwomba Waweru ruhusa ya kuanika kwenye pichi, na kila mwaka huwafukuza. Lakini nani angeamini? Punje ilikuwa pale, na msimu ni huo.

Mzee wa watu aliapa kwa Mungu wake kwamba hakuna mahindi yaliyogusa udongo ule. Kijana mmoja akamwambia asimtaje Mungu kwa uongo.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nikanyamaza.

Mzee Kimutai aliitia punje ile mfukoni mwa shati.

Jumapili sikwenda kanisani. Mke wangu, Jeruto, aliniuliza kama ni malaria. Mchana simu ikaja: jicho la Ronnie limepotea, madaktari wamefanya walichoweza. Jioni manyunyu yakaanza, na nilichowaza ni zile punje sita zilizobaki chini, kwamba zikipata maji zitaota.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nafungua duka pikapu ya Mzee Kimutai iliposimama nje. Aliingia, akanisalimia, akauliza habari za nyumbani kama kawaida yake. Kisha akaweka punje juu ya kaunta.

Alikuwa ameiosha. Ilikuwa ya waridi.

Mahindi ya kuanika ni meupe. Mbegu ya dukani ndiyo hupakwa dawa ikawa na rangi ile, na mimi niliyeuza mbegu miaka sita sikulifikiria hilo hata dakika moja. Nyuma yangu kulikuwa na rafu nzima ya rangi hiyohiyo.

"Sijakuja kugombana," akasema. "Nimekuja kuuliza kitu moja tu. Mimi nilikuambia utapaki. Sasa mtu ameambiwa atapaki, anaharibu pichi ya nini?"

Nikamjibu kwa sauti ya chini kwamba ndiyo maana, Mzee. Aliniambia nitabaki, nikaumia.

Akatikisa kichwa.

"Kupaki, Kigen. Nguo. Kwa pegi."

Mwanzoni sikuelewa. Kisha nikaelewa, kufungasha nguo kwenye begi kwa safari, nikashika kaunta kwa mikono miwili.

Miaka yote ya kumsikiliza Mzee Kimutai, sikio langu limezoea kumsahihisha. Akisema penki nasikia benki. Akisema pasi nasikia basi. Siku moja, siku moja tu, alisema p na akamaanisha p, na mimi kwa ujuzi wangu nikamsahihisha.

Aliendelea taratibu, kama anafundisha darasa la nne. Kila timu inayokwenda Kampala imebeba wapigaji watupu, kwa sababu mchezo wa siku hizi ni wao. Yeye akafikiria sana. Mahali kila mtu anapiga, atakayeshinda ni yule mwenye mtu mmoja wa kuwazuia. Mrushaji mmoja tu ndiye aliyekuwa kwenye orodha yake. Jina langu ndilo aliloliandika kwanza, kabla ya Ronnie.

Nililia pale dukani, mtu mzima, kati ya mifuko ya mbolea.

Hakunibembeleza. Aliangalia saa yake.

"Saa nane kamati inakutana kufukuza Waweru. Hii punje sijaonyesha mtu. Gari ya Kampala inatoka Alhamisi na jina lako bado liko. Chagua mwenyewe. Utapaki ama utapaki."

Akaiacha punje juu ya kaunta, akatoka.

Sitaki mnione shujaa. Nilikaa mpaka saa sita nikiwaza kuitupa ile punje chooni. Nilijiambia Waweru ni mzee, karibu apumzike. Nilijiambia jicho la Ronnie halitarudi hata nikisema. Kilichoniinua mwishowe ni kwamba Waweru mwenyewe alinipigia simu. Alikuwa anaomba nikifika mkutanoni nimtetee, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naye uwanjani ile Ijumaa, na niliona hakukuwa na mahindi.

Nikafunga duka.

Mbele ya kamati nilisema yote, kuanzia punje ya kwanza hadi ya saba. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza, Mzee Waweru alivua kofia, akafuta uso, akatoka nje bila kunitazama. Kazi yake anayo hadi leo. Salamu yangu haipokei, na sina la kumlaumu.

Mimi nilifungiwa kucheza kriketi maisha. Nikaandika taarifa polisi pia, na kesi ingali inaendelea, kwa hiyo hayo nayaacha hapo. Kampala walienda bila mrushaji wa kasi na wakapigwa mechi zote tatu.

Kwa Ronnie nilikwenda baada ya wiki mbili. Mama yake alinifungulia mlango, akachukua koti langu, akaniacha nimesimama sebuleni. Ronnie alikuwa kwenye kochi na bandeji. Nilimweleza habari ya utapaki na utabaki, jinsi nilivyosikia vibaya. Nadhani nilitarajia acheke. Ni kitu ambacho tungekicheka mwaka mzima.

Hakucheka. Aliniuliza jambo moja.

"Ile ya kwanza iliruka ukaiona. Si ndio? Ile ingine ulirusha ya nini?"

Nilisimama pale mpaka mama yake akanirudishia koti langu.

Ndugu zangu, wahenga walisema kuuliza si ujinga, na ningemuuliza Mzee swali moja pale kwenye pikapu, Ronnie angekuwa na macho mawili. Neno likikuuma, mwambie mwenyewe arudie kabla hujalibeba nyumbani. Hilo ndilo funzo ambalo ningependa liwe langu.

Lakini kati ya mpira ule na uliofuata hakuna mtu aliyesema neno lolote. Hapo hakukuwa na b wala p. Nilikuwa nimeona, nikarudi kwenye alama, nikahesabu hatua zangu, nikakimbia.