Habu ya Matundu Arobaini

"Mama, inuka."

"Siinuki."

"Mama, mtu wa watu anasubiri. Ana kazi zake."

"Nami nina yangu. Kazi yangu ni kukaa."

Nilikuwa nimekalia fremu ya baiskeli ya mume wangu, pale barazani, imelazwa ubavu, haina gurudumu la nyuma, na bomba lake la juu linanikata makalio kama kisu butu. Binti yangu, fundi cherehani, alisimama mbele yangu na utepe wa kupimia shingoni, mikono kiunoni. Nyuma yake alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mwanamume wa makamo mwenye fulana iliyotoboka begani, ameshika mizani yake ya ndoano. Mkokoteni wake aliuacha nje ya lango.

"Bibi," akaniambia kwa adabu, "nipime fremu tu. Wewe sikununui."

"Ungeninunua ungekula hasara, baba. Mifupa yangu yote imeshaliwa na kutu."

Akacheka. Binti yangu hakucheka, na haki alikuwa nayo, sitamnyima. Baiskeli ile ilikuwa imekaa kwenye baraza lake la kushonea tangu mvua zilipoanza, imegeuzwa juu chini, kama mende aliyekufa. Juma lililopita msichana anayejiandaa kuolewa alikuja kujaribu gauni lake jeupe. Akageuka kujitazama kwenye kioo, mkia wa gauni ukapita kwenye mnyororo. Grisi nyeusi kutoka gotini hadi chini! Binti yangu alilifumua gauni zima akalishona upya kwa kitambaa chake mwenyewe, machozi yanamtoka na sindano inakwenda. Alipomaliza akamwambia baba yake: gia zisipopatikana mpaka leo, chuma hiki kinaondoka. Baba yake akakubali, kwa vile anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Asubuhi akatoka kwenda kutafuta kwa mara ya mwisho. Sasa jua lilikuwa limeshavuka paa, naye hajarudi.

"Tulikubaliana mpaka leo," akasema binti.

"Leo haijaisha. Leo ina jioni yake."

"Baba ana goti limevimba kama mkate. Anataka gia za kwenda wapi?"

"Unajua wapi."

Alijua. Kule juu kilimani anaishi yule mwoka mikate wa zamani, bosi wake wa ujana. Mzee wa watu macho yamezimika, hashuki tena. Mume wangu ndiye peke yake aliyebaki wa kwenda kucheza naye drafti, akimweleza kete ziko wapi na, ninavyomjua, akimwibia. Lakini baiskeli hii ni nzito na haina gia, na goti limegoma kuisukuma kupanda. Akishuka akaikokota, goti linafura. Daktari alimwambia kukanyaga pedali ni dawa, ila apate kitu chepesi, na wepesi wa kilimani ni gia. Tangu mvua zianze hajaenda. Mwoka mikate ametuma mtu kuuliza kama rafiki yake amekufa na sisi tunamficha.

"Apande bodaboda," akasema binti.

"Alishakujibu. Mtu akikaa nyuma ya pikipiki ya mwenzake ni mzigo kama gunia la mkaa. Yeye kabeba mizigo maisha yake yote, hataki uzeeni aanze kuwa mmojawapo."

"Basi nitamnunulia mpya."

Mnunuzi akatikisa kichwa kukubaliana naye, na ile ndoano ya mizani ikasogea karibu na usukani. Nikaona mambo yanaharibika. Nguvu za kuvutana na mwanamume sina. Nilichobaki nacho ni mdomo.

"Baba," nikamwambia, "vuta hicho kigoda nikwambie unachotaka kukipima ni kitu gani. Halafu upime kwa haki."

"Mama, usianze."

"Nimeshaanza."

Nikamwambia mume wangu alipokuwa kijana alisambaza mikate kwa baiskeli hii hii, sanduku la bati limefungwa kwenye karia ya nyuma. Harufu ilimtangulia. Mitaa mizima iliamka kwa pua, majogoo wakakosa kazi, mmoja nasikia alihama mji. Mkate wa mwisho alikuwa anauleta kwetu, juu kabisa ya kilima. Na kilima enzi hizo hakikuwa hiki mnachokiona, kilikuwa hakijachakaa. Kuku wetu akitaga, mama yangu alikuwa analikimbilia yai na kulizuia kwa jiwe.

"Basi kijana akifika mlangoni, pumzi hana. Anamnyooshea mama yangu mkate, mdomo wazi, neno halitoki. Anasimama hivyo, kifua kinapanda kinashuka, mpaka mkate unapoa, halafu inambidi ageuze arudi kazini. Kila siku. Baba yangu akaniita pembeni. 'Mwanangu,' akaniambia, 'naona kijana huyu anakutazama. Ana adabu na mkate wake mzuri. Lakini utaishije na bubu?'"

Mnunuzi akaangua kicheko, akakaa kwenye kigoda. Mizani akailaza mapajani.

"Mwoka mikate akapata habari. Yeye alikuwa na baiskeli ya kutembelea, ina gia tatu, na gia zenyewe huzioni. Zimo ndani ya habu, lile bomba la katikati ya gurudumu zinapoanzia spoku zote, zimejificha kama mtoto tumboni. Akamwambia, 'Chukua gurudumu langu la nyuma ufunge kwenye yako. Panda ukaseme unachotaka kusema, umenichosha na mihemo yako.' Mimi nilikuwa uani nachambua maharage. Nikasikia tik-tik-tik-tik, kama saa ya ukutani inapanda kilima. Nainua macho, yeye huyo! Mkavu, hana hata jasho, anapumua kama mtu aliyetoka kuoga. Akamwamkia baba yangu, akasema lililomleta. Ndiyo siku ya kwanza nikaisikia sauti yake, na hajanyamaza mpaka leo."

Ukweli, sauti yake nilikuwa nimeisikia sana tu kule bombani tulikokuwa tunachota maji. Lakini hilo halikumhusu baba yangu, sembuse mnunuzi wa vyuma.

"Mama," akasema binti, "mwaka jana ulisema alikuja na punda."

"Punda alikuwa wa mposaji mwingine. Nawe uliyesimama hapo ulipelekwa kuzaliwa juu ya karia hii. Uchungu umenikaza, baba yako anapiga kengele, mbwa wote wa mtaa wametupisha wamejipanga pembeni kama askari."

"Nilizaliwa hospitali. Cheti ninacho."

"Cheti kinajua ulipozaliwa. Ulipotaka kuzaliwa napajua mimi."

Akageuza uso upande wa cherehani. Nikaona shavu lake limetaka kucheka likazuiwa.

"Na gurudumu la gia liko wapi?" akauliza mnunuzi.

"Lilirudi kwa mwenyewe. Halafu tanuri likafungwa, macho yakamwishia, na watoto wake wakauza kila kitu. Trei, milango ya tanuri, baiskeli, vyote kwa uzito. Kwa watu wa kazi yako, baba."

Mnunuzi akaitazama mizani yake.

Nikamwambia ndipo tulipoingia kwenye mateso ya kutafuta. Rimu ya nyuma ya baiskeli hii ina matundu arobaini ya spoku. Kwa hiyo habu inatakiwa iwe na ishirini kulia na ishirini kushoto. Za siku hizi zote zina kumi na nane na kumi na nane. Mume wangu alimaliza maduka ya spea, rimu begani, mpaka wenye maduka wakimwona kwa mbali wanajifanya wanafunga. Mmoja akamwambia, "Mzee, hiyo unayotaka ilitengenezwa dunia haijapoa."

"Si abadilishe rimu, Bibi?"

"Breki zake za vyuma, zile zinazovutwa kwa fimbo. Zinabana rimu kwa chini, na rimu mpya hazina pa kubanwa. Ukibadili rimu, breki hazishiki. Ukibadili breki, fremu haina pa kuzifunga. Utabadili weee, mwisho kitakachobaki cha mume wangu ni kengele."

Mnunuzi akakubali kwa kichwa. Sasa nilikuwa nimempata, nikaendelea kabla binti hajavuta pumzi. Mara ya kwanza aliagiza kwa simu. Pichani habu nzuri, nene, inang'aa. Ikaja na kumi na nane zake. Fundi baiskeli wa mtaani, wanayemwita Dokta kwa sababu wagonjwa wake hawaponi, akailazimisha hivyo hivyo, matundu manne ya rimu yakabaki yanakodoa macho. Gurudumu likatembea kama bata mlevi. Lilimpeleka mume wangu moja kwa moja mpaka kwenye meza ya muuza nyanya. Alirudi mwekundu kichwa hadi miguu, nikapiga mayowe mtaa mzima ukajaa, kumbe nyanya.

Mara ya pili alipanda basi kwenda soko la vitu vilivyotumika. Kutwa nzima. Akarudi na uso wa bwana harusi, kifurushi kwapani. "Ishirini!" ananiambia. "Ishirini kila upande!" Tukafungua. Kweli ishirini. Lakini ndani hamna gia hata moja, habu tupu, pacha wa ile aliyoiacha nyumbani. Aliiweka dirishani, na mpaka leo naegeshea mshumaa.

"Na leo kaenda wapi?"

"Kwa mjane wa bwana posta. Yeye baiskeli ya marehemu, yenye gia za zamani kama hizo, ameitundika stoo, kwenye gurudumu ananing'iniza vitunguu. Anasema havijawahi kuoza, hauzi hata kwa dhahabu. Mume wangu kampelekea kikapu kipya cha kuwekea vitunguu, labda moyo utalainika."

"Hautalainika," akasema binti, lakini polepole. "Mama yule namshonea. Hajapata kukubali hata kubadilisha kifungo."

Mnunuzi akaniuliza, "Ulisema inalia vipi?"

"Tik-tik-tik."

"Na imenenepa katikati? Kama kopo la maziwa?"

"Kama kopo."

Akainuka, akaacha mizani kwenye kigoda, akatoka nje ya lango.

"Haya, umemfukuza," akasema binti yangu. "Umefurahi?"

Nikasikia vyuma vinagongana mkokotenini, kama mtu anatafuta kijiko kwenye kabati la jirani. Akarudi na gunia, akalimimina sakafuni. Bomba za maji zilizovunjika, bawaba, nusu ya pasi, mifuniko ya masufuria. Akachambua kwa mguu, halafu kwa mkono, akaibua kidude cheusi kilichoganda grisi na mchanga, mtu asingejua kama ni chuma au muhogo ulioungua. Akakifuta kwa fulana yake. Akashika ekseli, kile chuma cha katikati, akazungusha.

Kikakwama. Akazungusha kwa nguvu zaidi. Kikakwaruza. Kisha kikasema: tik.

Akaendelea kuzungusha. Tik-tik-tik.

Ndipo nilipogundua nimeinuka. Fremu iko chini haina mlinzi, na hakuna aliyeigusa.

"Kuna nyingine hulia hivi na ni za kumi na nane," akasema mnunuzi. "Sitaki nikudanganye, Bibi. Matundu yameziba, siwezi kuona."

"Lete hapa," akasema binti yangu.

Alichomoa pini kifuani mwake, mahali wanapochomeka mafundi, akapiga magoti sakafuni na gauni lake safi. Akazibua tundu la kwanza la upande mmoja, akalipitishia kipande cha uzi mwekundu ili asije akalirudia. Akaendelea kuzibua moja moja, uchafu unamdondokea mapajani.

"Nne. Tano."

"Usiruke," nikasema.

"Mama, nyamaza."

Nikanyamaza. Mnunuzi naye alipiga magoti upande wa pili, anashikilia ekseli isiyumbe. Kila tundu lilitoa kinyesi chake cha grisi kama minyoo, na kila kikitoka binti anakifuta kwa utepe wake wa kupimia, ule ule ambao mimi nikiugusa nanyang'anywa.

"Kumi na tatu. Kumi na nne."

Uzi mwekundu ulikuwa unarudi, unakaribia kutoka upande wa pili. Mimi hesabu hawakunifundisha, lakini kumi na nane naijua. Nimeishi nayo tangu mvua zianze.

"Kumi na saba." Pini ikazama. "Kumi na nane."

Akasita. Akaigeuza habu kidogo kwenye mwanga. Kati ya pini na uzi mwekundu palikuwa na grisi nyeusi, imelala tambarare, haisemi kama chini yake kuna kitu au hakuna. Akaweka ncha ya pini, akabonyeza. Pini ikapita.

"Kumi na tisa—"

Lango likalia. Mume wangu akaingia anachechemea, rimu begani, mkononi kikapu kile kile kimejaa vitunguu, gurudumu la mjane hana. Akaiona fremu chini, mizani kigodani, vyuma vya watu vimetapakaa, na sisi watatu tumeinamiana. Akafungua mdomo.

Binti yake, bila kugeuka, akamwinulia kidole cheusi cha grisi.

Akanyamaza.