Kampuni Isiyo na Mlango

Mahakamani walimpa jina la utani, Bandika. Kazi yake ni kupeleka hati za wito, na mtu akigoma kupokea, yeye hutoa gundi mfukoni, akaibandika hati mlangoni na kwenda zake akipiga mluzi. Kisheria, imefika.

Safari hii alitumwa kwa kampuni ya mtandao wa kijamii kutoka ng'ambo. Aliyeishtaki ni fundi cherehani, mama mpole ambaye picha yake iliibwa ikawekwa kwenye ukurasa unaouza dawa ya kung'arisha uso. Wanawake waliobabuka ngozi wakawa wanamfuata kibandani kumtukana. Aliiandikia kampuni mpaka akachoka. Ukurasa ukabaki palepale. Sasa hakimu amesema wito usipofika wiki hii, kesi anaifuta.

Ghorofani, chini ya nembo kubwa ya kampuni, dada wa mapokezi alitabasamu.

"Hapa tunauza matangazo tu, baba. Kampuni yenyewe iko nje."

"Nikileta pesa ya tangazo, unampokelea nani?"

"Kampuni."

"Na nikileta wito?"

"Kampuni haipo."

"Yaani kwenye kula ipo, kwenye kuosha vyombo haipo!"

Akabandika hati kwenye kioo. Mlinzi akaibandua taratibu, akamrudishia.

"Samahani mzee, mlango huu ni wa mwenye jengo."

Alifika kwa fundi akifoka. "Wana nembo kubwa kama kitanda, mlango hawana! Pesa ya matangazo tu ndiyo wanaijua!"

Fundi hakuinua macho kwenye cherehani. "Basi wapelekee tangazo."

Wakaipiga hati picha kwa simu, wakailipia iwe tangazo. Upindo wa gauni haujaisha, jibu likaingia: tumelipitia tangazo lako, tumelikataa kwa sababu linaichafua kampuni yetu.

"Wameisoma!" Bandika aliruka, nusura aangushe pasi.

Hakimu naye alilisoma jibu lile, akavua miwani, akasema kampuni imepata wito na kesi itasikilizwa.

Nje, fundi alimshika Bandika mkono.

"Kwa hiyo ukurasa umeondolewa?"

"Bado, mama."

"Bado! Na kesho wale wanawake wakija kunitukana?"

Bandika alishusha pumzi. "Usiwafukuze. Waombe waje kutoa ushahidi."

"Hao hao wanaonitukana?"

"Hao hao. Angalau wao, ukiwaita, wanakuja."